Aliyeanguka Anakula Kwanza

Nyar Ugenya,

Nimekuita hivyo tangu siku uliponiambia kwamba kina Akinyi wamejaa Eldoret nzima, lakini binti wa Ugenya anayeijua hifadhidata ni mmoja tu. Ulijigamba bila hata kutabasamu, nikakupenda papo hapo. Sasa mvua imeshanyesha juu ya kaburi lako kule kwenu, mahindi yamechipua huku kwetu, na mimi nimeketi mezani Munyaka, shuka begani kwa ajili ya baridi, nakuandikia kwa kalamu. Mambo ya kukueleza yamejaa, na sina mwingine anayeweza kuyaelewa bila kuelezwa mara mbili.

La kwanza, ili ulale bila wasiwasi: mkutano wako wa Jumamosi haukufa. Ulikaribia kufa, nitakueleza. Lakini haukufa.

Unakumbuka nilivyokataa kuja mara ya kwanza? Wewe ulikuwa hospitalini, unatunza rekodi za wagonjwa. Mimi nilikuwa kwenye ushirika wa maziwa, nimetoka tu kwenye kadi za karatasi na kuingia kwenye kompyuta katika umri ambao wenzangu walikuwa wanahesabu wajukuu. Nilijifunza kwa kusoma. Nilikuambia nina vitabu, vizuri, vimepangwa kwenye rafu, sihitaji kupoteza Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Kimumu nikisikiliza watu. Ukaniangalia juu ya miwani yako.

"Mama Shiku, hicho kitabu kimewahi kukuuliza swali?"

Nilikuja. Nikakuta watu wa zahanati, wa shule, wa kiwanda cha chai, wa duka la mbegu, watu ambao kazini kwao kila mmoja ni peke yake. Uliniambia baadaye kwamba kazi yetu ni ya upweke kuliko ya mlinzi wa usiku. Mambo yakienda sawa hakuna anayejua upo. Yakienda vibaya kila mtu anajua upo, lakini hakuna anayejua unafanya nini. Ndiyo maana uliuanzisha mkutano: mara moja kwa mwezi, watu wa upweke wakae pamoja.

Saa ya kwanza mmoja wetu alifundisha. Hapo nilijifunza mambo ambayo vitabu vyangu viliyasema pia, nakiri, ila vyenyewe viliyasema kana kwamba kila kitu duniani kinafanya kazi. Wafula wa kiwanda cha chai alipofundisha, alianza na siku mashine yake ya kuhifadhia data ilipojaa hadi ikakataa kuandika. Ndipo nikaelewa kwa nini nafasi hupimwa kila wiki. Kuna maarifa ambayo hayaingii mpaka uone uso wa mtu aliyeyapata kwa taabu.

Halafu ilikuja saa ya pili, saa yako. Wageni walikuwa wanaishangaa, na hata mimi niliiona kama mchezo. Mmoja wetu anakuja na nakala ya hifadhidata ya kazini kwake, imefungwa kwa nywila, na kwa ruhusa ya wakubwa wake. Anairudisha, yaani anaijenga upya kutoka kwenye nakala, mbele ya watu wote, kwenye kompyuta tupu isiyo na mtandao, na skrini inamulikwa ukutani. Hakuna jina la mtu linaloonekana ukutani, tarehe na idadi tu, na kabla ya kuondoka inafutwa mbele ya macho yetu. Hilo ulilishikilia kama amri ya Mungu. Ikisharudi, mtu yeyote ukumbini anaweza kusimama na kuiuliza swali, lakini lazima swali liwe la jana. "Muulize jana," ulikuwa unasema. "Mwaka juzi kila mtu anaukumbuka. Muulize jana."

Na kama nakala imekataa kufunguka, au imefunguka na jana haimo, hakuna anayecheka sana. Mwenye nakala anaitwa kwenye meza ya chakula, anapewa sahani ya kwanza, na wengine wote wanasubiri hadi amege chapati. Aliyeanguka anakula kwanza. Nilikuuliza sababu. Ukasema mtu akijua kwamba kuanguka kutamnyima chakula, ataanguka mafichoni. Kisha ukalalamika kuhusu ndengu zangu, kwamba ni chakula cha watu waliokata tamaa ya kupata samaki, na ukaongeza sahani ya pili.

Kuna siku moja tu uliponiona ninalia, na ilitokana na saa hiyo ya pili. Uliniuliza kwa nini ninaweka nakala za kila kitu, hata za risiti za stima ya nyumbani. Nikakueleza kuhusu nyumba yetu kule Burnt Forest. Jinsi ilivyochomwa wakati wa machafuko, na kila karatasi ndani: vyeti vyangu vya shule, cheti cha ubatizo cha binti yangu Wanjiku, barua za marehemu mume wangu. Picha ya harusi yetu peke yake ndiyo iliyobaki duniani, kwa sababu dada yangu aliyeko Nyeri alikuwa na ya pili. Nilifikiri utanipa pole kama watu wote. Badala yake ukauliza: "Na ulijuaje kwamba bado anayo?"

Nikasema nilisafiri nikaenda kuiona.

"Hapo ndipo kazi yetu ilipo," ulisema. "Kuwa na nakala ni rahisi. Kazi ni kwenda kuiona."

Hukunipa pole hata kidogo, na hakuna pole iliyowahi kunifaa kama hiyo.

Siku ya mazishi yako tulikuja kwa basi la shule la kukodi, sisi watu wa Jumamosi. Shangazi yako mmoja, yule mrefu mwenye sauti ya mchungaji, alisimama mbele yetu akauliza sisi ni kina nani tunaolia kwa Kiswahili. Nikamwambia tunafanya kazi moja na marehemu. Akataka kujua ni kazi gani hiyo, maana wewe hukuwahi kumweleza akaelewa. Nikasema ni kutunza mambo ya watu ili yasipotee. Akafikiri kidogo, akasema basi sisi ni wa nyumbani, akatupeleka kwenye hema la chakula kabla ya wageni wengine.

Nilishika sahani, Akinyi. Samaki wa kweli, wa ziwani, waliokaangwa vile ulivyokuwa unasema sisi watu wa waru, hivi viazi vyetu, hatutawahi kuweza. Wewe ndiye uliyekuwa umeanguka, na sisi ndio tuliokuwa tunakula kwanza. Sikuweza kula. Chebet alinichukulia sahani akaiweka chini.

Chebet unamjua. Ni yule msichana wa ofisini kwangu, ingawa sasa ni mwanamke mzima mwenye mtoto, niliyemleta ukumbini akiwa bado anaogopa kuongea mbele ya watu. Ukamwambia wanaoogopa ndio wasimamizi wazuri, wajasiri ndio hufuta jedwali zima la data kwa amri moja. Mimi nastaafu mwisho wa mwaka, na yeye ndiye atakayebaki na kazi. Kwa hiyo uelewe jinsi nilivyoumia mwezi uliofuata, meneja wetu mpya alipokataa.

Bwana Maiyo si mtu mbaya. Ni mtu wa hesabu safi na viatu safi. Alituita mimi na Chebet akasema ruhusa za mafunzo zimesimama. Kila kitu kiko kwa simu siku hizi, alisema, mtu anaweza kusoma akiwa kitandani. Na tena, kila asubuhi anapokea ujumbe kwamba nakala imekamilika, sasa tunaenda Kimumu kujifunza nini ambacho hatujui? Na mambo ya kubeba nakala ya ushirika hadi kanisani, hayo hakutaka hata kuyasikia.

Wakati huohuo watu ukumbini walikuwa wamepungua. Mwezi wa kwanza bila wewe tulijaza nusu ya viti. Wa pili, safu mbili. Wafula aliniambia labda tuache mpaka tupate mtu mwingine kama wewe. Nikamwambia tukingoja huyo tutangoja mpaka ukumbi uanguke. Lakini niliporudi nyumbani sikuwa na uhakika. Nilijua kwamba sisi wa ushirika tukikosa, na sisi peke yetu ndio tuliokuwa wawili kutoka ofisi moja, mlango ungefungwa, na Chebet angebaki peke yake na skrini, vile nilivyokuwa mimi.

Basi nilirudi kwa Bwana Maiyo. Sikubishana. Nilimwambia mzee anayestaafu huomba kitu kimoja, na langu ni hili: aje yeye mwenyewe mara moja, nakala yetu irudishwe mbele ya macho yake, chini ya ulinzi wake, halafu aamue. Asiporidhika sitataja jambo hilo tena. Alinitazama kama anayetafuta mtego. Akasema atakuja, na akaandika ruhusa ya siku hiyo moja.

Alikuja. Alikaa safu ya nyuma, amekunja mikono. Wafula alifundisha, nami nilimwona Bwana Maiyo akiangalia saa. Kisha Chebet akaenda mbele. Ungemwona, ungejivuna. Alifungua nakala, ikarudi bila shida yoyote, haraka, safi, kila jedwali mahali pake. Watu wakapiga makofi. Bwana Maiyo akakunjua mikono, na sijawahi kumwona akitabasamu hivyo. Nikajisemea, tumeshinda, Nyar Ugenya.

Wafula akasimama na swali. Aliuliza kwa upole, kama desturi ilivyo: "Jana asubuhi maziwa yaliingia mara ngapi?"

Chebet akaandika. Ukuta ukaonyesha sifuri.

Akaandika tena, akidhani amekosea tarehe. Sifuri. Akauliza juzi. Sifuri. Wiki iliyopita, sifuri. Mwishowe akauliza siku ya mwisho iliyomo ni ipi, na ukuta ukatujibu kwa tarehe ya kabla ya Krismasi, siku ileile tulipohamia seva mpya.

Wewe ungeshaelewa kabla sijamaliza sentensi. Tulipohama, tulihamisha kila kitu, mimi na Chebet, kwa uangalifu mkubwa. Ila ile kazi ya usiku inayotengeneza nakala tuliiacha ikielekea kulekule. Seva ya zamani haikuzimwa, kwa tahadhari. Kwa hiyo kila usiku kazi ile ilikwenda kwenye hifadhidata ya zamani, isiyoguswa na mtu, ikainakili yote kwa ukamilifu, na kila asubuhi ikatuma ujumbe wa kweli kabisa kwamba imekamilika.

Bwana Maiyo alisimama kule nyuma, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliniuma.

"Kila asubuhi mnaniandikia imekamilika. Ilikuwa inakamilisha nini?"

Chebet aligeuka kunitazama. Kwa hiyo nilisimama mimi.

"Ilikuwa inalinda nyumba tuliyokwishahama, Bwana Maiyo," nilisema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilishika kiti. Akinyi, mimi nimelinda nyumba ile ya Burnt Forest miaka mingi. Nimezunguka kichwani mwangu kutoka jikoni hadi chumba cha kulala, nimefunga madirisha, nimehesabu vikombe kabatini, ili nisisahau kilichokuwa wapi. Yote kwa ukamilifu. Na maisha yangu yenyewe, haya ya Munyaka, yenye mjukuu anayejifunza kutembea kwa kushika ukuta, nani alikuwa anayatunza? Mtu aliyehamishwa anaweza kufanya kosa hili bila kuliona maisha yake yote, kwa kuwa linafanana sana na uaminifu.

Sikusema hayo ukumbini. Ninakuambia wewe.

Kilichofuata ni desturi tu. Wafula alichukua sahani, akaweka chapati na ndengu, akampelekea Chebet pale mbele. Bwana Maiyo akamuuliza jirani yake ni nini kinaendelea, akaelezwa. Niliona sikio lake likipata habari hiyo na uso wake ukikataa kuiamini. Chebet alishika sahani ile, macho yamejaa. Halafu akafanya jambo ambalo hata wewe hukulifikiria. Aliteremka kati ya viti, polepole, hadi safu ya nyuma, akamnyooshea meneja wake sahani kwa mikono miwili.

"Bosi, kula wewe kwanza. Hapa tumeanguka ofisi yote."

Kila mtu alikuwa anaangalia. Yule mtu wa viatu safi alisimama na sahani haijapokelewa, na nikajua kila kitu kimesimama pale: Jumamosi zetu, kazi ya Chebet, ukumbi, wewe. Akikataa, tumekwisha. Akaiangalia sahani. Akaangalia ukuta, ile tarehe ya kabla ya Krismasi bado inang'aa. Kisha akaketi, akapokea, akamega chapati.

"Na hii ndengu inahitaji chumvi," alisema.

Ukumbi ulicheka, cheko la watu waliokuwa wamebana pumzi. Nawe ulijua siku zote kwamba inahitaji chumvi.

Baada ya hapo hawakumwacha. Mama mmoja wa zahanati alimhadithia jinsi alivyosahau nywila ya nakala zake zote kwa sababu alikuwa ameihifadhi ndani ya hifadhidata hiyohiyo. Wafula naye akatoa yake, ile ya mashine iliyojaa. Bwana Maiyo alisikiliza wote akiwa na sahani magotini. Nadhani hakuwahi kukaa katika chumba ambamo watu wanaojua kazi yao wanashindana kueleza walivyoshindwa. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama seva mpya ingekufa jana tungekuwa wapi. Nikamwambia tungekuwa Desemba. Akatikisa kichwa, akaomba chai.

Jumatatu asubuhi Chebet alielekeza kazi ile kwenye seva mpya, na tukaizima ya zamani baada ya kuhakikisha. Jumanne tulirudisha nakala kwenye kompyuta ya pembeni, tukaiuliza jana, ikajibu. Sasa, kila Jumatatu, Bwana Maiyo hufungua mlango wetu, anaingiza kichwa tu, anauliza: "Jana ipo?" Chebet hamjibu kwa mdomo. Anairudisha, anaiuliza, anamwonyesha. Hapo ndipo anakwenda kunywa chai yake. Ruhusa za mafunzo zimerudi, na ushirika unatoa maziwa ya chai ya ukumbi kila mwezi. Habari ile imetembea pia. Mkutano uliopita watu walikaa hadi kwenye ngazi za kwaya. Wengine, nashuku, walikuja kuona kama ni kweli meneja alilishwa ndengu mbele ya watu. Waje kwa sababu yoyote. Wakishakaa, tutawauliza jana.

Watu bado huniuliza, kama Bwana Maiyo alivyouliza, mtu anapata nini ukumbini ambacho simu haina. Zamani ningetoa hotuba. Sasa nasema simu haina Wafula wa kusimama na kuuliza. Mimi na Chebet tulikuwa na vitabu, na ujumbe wa kila asubuhi, na akili zetu timamu, na tungeendelea kujidanganya kwa ukamilifu hadi leo. Swali lilitoka kwa mtu wa nje aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, na tulilipata kwa sababu mwanamke mmoja wa Ugenya aliwafundisha watu wapole kuuliza jambo moja.

Bado nakukasirikia kidogo kwa kuondoka kabla ya kuona tarehe ile ukutani. Ungecheka hadi ukashika mbavu, halafu ungenibembeleza. Kiti chako cha pembeni ya dirisha hakuna aliyesema kisikaliwe, lakini hakikaliwi. Mwezi ujao nitamkalisha mtu hapo. Najua ungetaka hivyo, kiti ni cha kukaliwa.

Nami nimeamua jambo lingine. Miaka yote hii nimefundisha, nimepika, nimeuliza, lakini sijawahi kusimama mbele na nakala yangu mwenyewe. Nilimwachia Chebet. Kabla sijastaafu nitakwenda mbele mimi, na nywele zangu nyeupe, na hifadhidata niliyoanza kuijenga juzi kwa ajili ya ukoo wetu: picha ile ya Nyeri, mahali kila mmoja wetu alipo sasa hivi, na majina, ambayo wenyewe wameniruhusu yaonekane ukutani, lako likiwemo, maana shangazi yako alisema sisi ni wa nyumbani. Nimeijenga kuanzia Munyaka kurudi nyuma, na nyumba ya Burnt Forest imo, ila imo kama mahali tulipowahi kuishi.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba maadamu naweza kupanda ngazi za ukumbi ule, mlango utafunguliwa, hakuna atakayeanguka mafichoni, na ndengu zitakuwa na chumvi. Nakala yangu ikikataa kurudi, nitapokea sahani ya kwanza na nitakula ya kwako pia, ile niliyoshindwa kuila kwenu. Na ikirudi, watakaponiambia niiulize jana, nimeshachagua swali. Nitauliza nani alikuwa nasi, na jina la kwanza kutokea litakuwa lako.

Wako,
Mama Shiku
Munyaka